Debe la Mgeni

Mimi ni balozi wa nyumba kumi hapa Maili Moja, na baharini nilikuwa sijawahi kupanda hata mtumbwi. Hilo halikunizuia kuhutubia.

Jumapili iliyopita tulikwenda kutembea kisiwani kwa mashua, majirani na wake zetu. Pwani tukamkuta kijana wa Kizungu mwenye shanta kubwa mgongoni, akaomba kwenda nasi. Mashua ilikuwa inavuja kidogo, kwa hiyo kila mmoja wetu alishika kopo akachota maji na kuyamwaga. Yule kijana alikaa tu, amekumbatia debe lililojaa maji.

Damu ikanichemka.

"Ndugu, hapa hatutaki kupe!" nikamwambia. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maji unayakumbatia ya nini?"

Nikampokonya debe, nikayamwaga yote baharini, wenzangu wameinamia makopo yao na nahodha amefichwa na tanga. Akainua mikono, "Bwana! Bwana!" Nikadhani hotuba imemwingia.

Kisiwani tulikula mihogo na samaki ng'onda wa chumvi mpaka midomo ikakauka. Ndipo nahodha akamgeukia kijana.

"Mgeni, lete lile debe la maji ya kunywa nililokukabidhi. Kisiwa hiki hakina kisima."

Kijana akanitazama. Majirani wakaanza kumlaumu. Mimi nikawa nachunguza mawingu.

Mke wangu, aliyekaa nyuma yangu safari nzima, akaweka chini kipande chake cha ng'onda.

"Mwacheni mtoto wa watu," akasema. "Muulizeni balozi."