Mizani ya Samaki na Somo la Msuguano

Mwalimu wa fizikia wa shule yetu hapa Baraka ana kanuni moja: mwanafunzi huandika namba aliyoisoma, si ile aliyoitarajia. Kwa kuwa hatuna maabara, hupeleka darasa ufukweni mwa ziwa na mizani ya ndoano anayoazima kwa wauza samaki. Huifunga kwa kamba kwenye sanduku la mbao lililojaa mchanga, kisha hulivuta polepole, kwa mwendo uleule, kamba ikimkata viganja. "Mwendo haibadilike? Basi nguvu yangu na ya musuguano iko sawasawa," husema kwa sauti ya chini, na wanafunzi husogea ili wasikie.

Mwaka jana inspekta alikuja kumpima kwa ajili ya cheo cha mkuu wa masomo. Kuvuta sanduku moja, mizani ilisoma kilo tatu. Wakaweka juu yake la pili, la uzito uleule, na binti aitwaye Gentille akasoma saba.

"Tatu mara mbili ni sita," inspekta alimwambia binti. "Andika sita, mama, tumalize."

Gentille akamtazama mwalimu.

"We uliona ngapi?"

"Saba, Madame."

"Andika saba. Kisha ututafutie sababu."

"Madame, mu examen ya mwisho wa mwaka hakuna muchanga," inspekta alisema.

Mwalimu alikwisha kupiga magoti, akiwaonyesha mfereji ambao uzito ule ulikuwa umeuchimba. Nilikuwepo, mimi ninayefundisha uraia, na sikusema neno. Inspekta alifunga daftari lake. Cheo hakukipata.