Rudi Jumanne

Siku za kawaida mkunga mkuu alikwenda kazini na viatu vyake vyeusi vya ngozi. Jumanne alivaa raba. Mumewe, fundi cherehani aliyeigeuza sebule yao kuwa karakana, alikuwa akimwangalia anavyofunga kamba na kumtania bila kuinua mguu kwenye pedali.

"Jemadari wangu, leo utarudi mzima?"

"Nikirudi nimelala kwenye machela, nipokee," alijibu mkewe. "Na upike wewe. Usimwage chumvi kama mtu anayefukuza wachawi."

Alikuwa mwanamke mwembamba wa umbo na mnene wa sauti. Wajawazito walimpenda kwa sababu hakuwahi kuongea nao peke yao. Alimshirikisha na aliye tumboni. "Wewe bwana mdogo," angesema huku akipapasa, "hebu sogea kidogo, mbavu za mama yako si kiti." Mwanamke aliyeingia amekunja uso kwa hofu alitoka amejishika tumbo kwa kicheko.

Lakini Jumanne hakukuwa na nafasi ya mzaha. Ikifika saa mbili asubuhi, mabenchi ya kliniki ya wajawazito yalikuwa yamejaa pomoni. Wengine walikaa kwenye ngazi, wengine waliegemea ukuta wameshika viuno, na foleni ya mizani ikajipinda hadi mlangoni kwa daktari wa meno, ambaye wagonjwa wake walishangaa kuulizwa wana miezi mingapi. Wakunga walikimbia huku na huku, kipimo cha presha kikipita mkono kwa mkono. Jioni mkunga mkuu alifika nyumbani, akajitupa kwenye kochi juu ya nguo za watu zisizokamilika, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Kila mtu pale hospitalini alijua tatizo ni nini: jengo dogo. Daktari mkuu alikuwa ameshachorewa ukumbi mpya wa kusubiria, mpana, wenye madirisha makubwa na paa la kuvutia macho. Mchoro aliubandika ukutani ofisini kwake, na mgeni yeyote aliyeingia, hata aliyekuja kutengeneza feni, alionyeshwa mahali madirisha yatakapokaa. Kilichobaki ni bodi kuidhinisha. Bodi nayo ikasema sawa, ila kwanza tuonyesheni takwimu.

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia. Jina hilo alilipata kihalali, kwani alifundisha hesabu sekondari kwa miaka mingi kabla ya kusomea kompyuta na kuajiriwa na hospitali kama mtu wa takwimu. Alikuwa bwana mpole wa makamo, mwenye sweta la kijani ambalo halikuvuliwa hata jua likipasua mawe. Alipoanza kazi alikuta jambo lililomshangaza: mapokezi waliingiza taarifa kwenye kompyuta kila siku, maabara waliingiza zao, duka la dawa zao, wodi zao, na hakuna aliyewahi kuzitazama tena. Ilikuwa kama kisima ambacho watu wanakimiminia maji tu, hakuna anayechota. Mwalimu akatengeneza programu iliyokusanya taarifa zote hizo mahali pamoja na kuzichora kwa rangi, kisha akatundika skrini kubwa kwenye chumba cha mikutano.

"Hii inaitwa dashibodi," alisema siku ya mkutano, wakuu wa idara wote wakiwa wamekaa.

"Dashibodi?" mkunga mkuu alidakia. "Kumbe hospitali ni gari?"

"Ni gari, sista. Na nyinyi ndio madereva. Mimi nimewafungia kioo tu muone barabara."

Watu wakacheka. Mwalimu akabonyeza, na siku za wiki zikajitokeza kama nguzo zilizopangwa mstari, kila nguzo na urefu wake kulingana na wajawazito waliofika. Jumanne ilikuwa mnara. Siku nyingine zilikuwa vichuguu.

"Umeona sasa!" Daktari mkuu alipiga meza kwa furaha. "Ndiyo maana tunajenga."

"Inawezekana, daktari," Mwalimu alisema taratibu. "Ila nina swali. Kwa nini Jumanne?"

Mfamasia alikohoa akasema labda ni siku ya soko. Mtu wa maabara akamkumbusha kwamba soko ni Jumamosi, na kwamba yeye mwenyewe huomba ruhusa siku hiyo kwenda kununua viatu. Mwingine akasema labda watu wa mitaa ya mbali hupata usafiri Jumanne. Mwalimu hakubishana. Alibonyeza, nguzo zikagawanyika mtaa kwa mtaa, na kila mtaa, wa mbali na wa karibu, ulikuwa na mnara wake wa Jumanne. Akabonyeza tena, akawatenga wanaokuja mara ya kwanza na wanaorudi. Hapo hata mfamasia alivaa miwani. Wanaokuja mara ya kwanza walisambaa wiki nzima, sawasawa kama siagi kwenye mkate. Wanaorudi ndio waliorundikana Jumanne.

"Wakijipangia wenyewe, wanakuja siku yoyote," alisema Mwalimu. "Wakirudi, wanarudi Jumanne. Mashine inajua wamekuja lini. Kwa nini, haijui. Hilo itabidi mtu aende akaulize."

Mkunga mkuu alitoka mkutanoni amenuna kidogo. "Mashine haijawahi kumzalisha mtu," alimwambia mfamasia kwenye korido. Hata hivyo swali lilikuwa limeshamganda kichwani kama wimbo mbaya.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo kliniki ilikuwa shwari. Aliingia mwanamke kijana, fundi umeme, bisibisi bado inachungulia mfukoni mwa ovaroli iliyofunguliwa vifungo kumpisha mtoto. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mkunga mkuu akampima, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akatoa hukumu kwamba huyu atakuwa mpiga ngoma, kisha akachukua kadi na kuandika huku akisema, "Haya, mwanangu, rudi Jumanne baada ya mwezi."

"Jumanne niko kazini, mama," alisema fundi umeme. "Nisije Alhamisi kama leo? Leo pametulia vizuri."

"Hapana, uje Jumanne, kwa sababu..."

Alitafuta hiyo sababu juu, akaitafuta chini, hakuiona. Mara, kutoka upande wa pili wa pazia, akasikia sauti ya mkunga mwenzake: "Vizuri sana, mama. Rudi Jumanne, sawa?" Na kutoka chumba cha tatu, nyembamba kidogo, ikaja nyingine: "Usisahau dawa. Tuonane Jumanne!"

Mkunga mkuu akaangua kicheko. Alicheka mpaka kofia ikadondoka, mpaka fundi umeme naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini, mpaka wenzake wakafungua mapazia kuja kuona kuna nini.

"Nani kakufundisha kusema Jumanne?" alimuuliza wa kwanza.

"Wewe, sista."

"Na wewe?"

"Huyu hapa. Nilikuta ndivyo mnavyosema."

Yeye mwenyewe alifundishwa na mkunga aliyekuwepo kabla yake, mama mmoja mcheshi aliyestaafu na sasa kazi yake kubwa ilikuwa kuku na wajukuu. Akampigia simu palepale. Simuni kulisikika kuku kwanza, halafu mama.

"Jumanne?" alisema mstaafu. "Si kwa ajili ya mashine ya picha ya tumbo, mwanangu! Ile ya zamani. Fundi wake alikuwa anakuja Jumanne tu, na asipokuwepo haiwaki hata uibembeleze. Tukaona bora wote waje siku hiyo. Kwani bado mnayo?"

Bado walikuwa nayo, kwa namna fulani. Ilikuwa stoo, na wafagizi waliweka ndoo za kudekia juu yake. Mashine mpya, iliyofanya kazi kila siku bila kumngoja mtu, ilikuwa na umri wa kwenda shule.

Alipanda ngazi mbilimbili hadi kwenye kichumba cha Mwalimu. "Ni sisi!" alisema akihema. "Hawaji Jumanne. Tunawaita!"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akacheka kimyakimya mabega yakimtikisika. Kisha wakakaa mbele ya skrini. Akamwonyesha hali itakavyokuwa wanaorudi wakigawanywa wiki nzima. Mnara ukashuka, vichuguu vikapanda, nguzo zikasimama bega kwa bega kama wanafunzi kwenye gwaride. Mabenchi yaliyopo yakatosha, na nafasi ya kunyoosha miguu ikabaki.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia daktari mkuu, ambaye kila mtu alijua jinsi alivyoupenda ule mchoro. Mkunga mkuu alijitolea. Alimweleza yote pale pale chini ya madirisha ya karatasi, kuanzia bisibisi hadi kuku. Daktari mkuu alisikiliza ameshika tama. Aliutazama mchoro wake, halafu midomo ikaanza kumcheza.

"Kwa hiyo," alisema, "nilikuwa nalijengea neno moja jumba zima?"

Wakacheka wote wawili mpaka katibu wake akachungulia mlangoni. Lakini daktari mkuu hakuwa mtu wa kukurupuka. Alitaka wajaribu kwanza, waangalie skrini wiki hadi wiki, ndipo bodi iamue. Mwalimu alifurahi kusikia hivyo kuliko kama angesifiwa.

Mwanzo ulikuwa kichekesho. Mkunga mkuu, kwa bidii yake yote, aliwaambia wakunga waache kabisa neno Jumanne, na yeye akaongoza kwa mfano: "Rudi Alhamisi, mwanangu. Rudi Alhamisi, mama." Mwezi ulipopita na akina mama hao wakarudi, Mwalimu alimpigia simu kutoka juu.

"Sista, hongera. Umehamisha mnara."

"Umeanguka?"

"Hapana. Umehamia Alhamisi. Njoo uuone, umesimama vizuri kabisa."

Alikwenda, akauona, akajipiga paji la uso. Ndipo akawaza jambo ambalo lingekuwa jepesi tangu siku ile ya fundi umeme: kumuuliza mwenyewe. Tangu hapo kadi hazikuandikwa kabla ya swali. "Siku gani inakufaa?" Mwanamke akitaja siku, mkunga alitazama kompyuta mezani, aone kama siku hiyo bado ina nafasi au imeanza kuvimba, wakakubaliana. Mwalimu aliwawekea rangi: kijani karibu, njano ngoja kidogo, nyekundu tafadhali nyingine. Walimu wa shule wakachagua siku za likizo, wauza maduka wakachagua asubuhi za Jumatatu. Mama mmoja alishikilia Jumanne kwa sababu alishazoea kukutana na shoga zake kwenye foleni. Alipokuta hawapo alilalamika, halafu akawapigia simu wapange siku moja wote watatu. Wakapewa Ijumaa, yenye kijani tele.

Mnara haukuanguka kwa kishindo. Ulipungua wiki kwa wiki, na mkunga mkuu akawa na tabia ya kupitia chumba cha mikutano kila asubuhi kuuchungulia kabla ya kunywa chai. Bodi ilipokaa, daktari mkuu mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya skrini, akieleza kwa madaha yaleyale aliyoelezea madirisha. Waliamua ukumbi usijengwe. Nguvu zote zielekezwe kwenye chumba cha kujifungulia, kilichokuwa kimebanana: kipanuliwe, kiongezewe vitanda, na kiwe na bafu lenye maji ya moto. Hilo la maji ya moto lilipopita, mkunga mkuu alipiga kigelegele katikati ya kikao, na mwenyekiti wa bodi, mzee wa suti, akasahau ajenda inayofuata.

Aliyewahi kuinunia mashine sasa hakuiacha ipumzike. Kila mara alipanda kwa Mwalimu na swali jipya. Je, akina mama hufika leba saa ngapi hasa? Mwalimu akachora, na wakaona wengi hufika alfajiri, saa ileile wakunga wanapopokezana zamu, wanaotoka wakiaga na wanaoingia wakivaa aproni. Mkunga mkuu alikuwa akihisi hivyo siku zote, ila kila alipolisema wenzake walimwambia ni uchovu wake. Safari hii aliwaita mbele ya skrini, wakaitazama, wakabishana, wakataniana, wakakubaliana wenyewe kwamba wapokezane mapema zaidi, giza likiwa bado nje. Mfagizi wa zamu, ambaye hakuulizwa, alisema naye atawahi ili sakafu iwe imekauka. Likapita.

Chumba kipya kilipofunguliwa, alfajiri moja lango likagongwa. Aliyeletwa alikuwa mke wa mlinzi wa benki, amemkamata mumewe shingoni kama mwizi, na mlinzi mwenyewe akitetemeka kuliko yeye. Zamu ilikuwa imeshakabidhiana. Wakunga walikuwa tayari, mikono imenawiwa, maji yamepata moto. Mlinzi hakupata hata muda wa kuuliza akae wapi. Alisikia sauti nene ya mkunga mkuu ikimkaripia kwa upendo mtu ambaye bado hajaonekana, "Njoo, njoo, usione haya, hapa wote ni ndugu zako," na mara mtoto akalia kwa hasira ya aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Mkunga mkuu alitoka na kifurushi mikononi, akamkabidhi baba wa mtoto. Mlinzi alimpokea kama mtu anayepokea yai.

"Binti," mkunga mkuu alimwambia. "Na ana sauti kama yangu, kwa hiyo uanze kuzoea."

Juu, kwenye chumba cha mikutano, skrini ilikuwa imeshaongeza mmoja. Mwalimu, aliyekuwa amewahi kazini na sweta lake, aliiona namba ikibadilika, akashuka ngazi kwenda kumwona mtoto mwenyewe.