Mama Shimo na Pembe ya Machozi

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Jumamosi. Umande umelowanisha viatu mpaka soksi, na Mama Shimo amepiga magoti kwenye majani mafupi kama kichwa kilichonyolewa juzi. Anapapasa ardhi kwa kiganja. Anasogea mbele hatua moja kuelekea kwenye maji, anapapasa tena, kisha anacheka peke yake.

“Hapa,” anasema. “Mpira ukija kwa adabu, unatulia. Ukija kwa ubishi, unaogelea.”

Anasimamisha chuma chake, bomba fupi lenye makali chini na mpini wa msalaba juu, na kukizungusha mpaka kizame. Anakichomoa na kipande cha udongo chenye majani yake juu, mzima mzima. Kwenye tundu jipya anatia kikombe cha plastiki na kuchomeka bendera. Kile kipande anakwenda nacho kuzibia shimo la jana, anakikanyaga na kukimwagia maji. Dakika sita tu, na ukipita hapo hutajua jana palikuwa na nini.

Hiyo ndiyo kazi yake. Mashimo ya uwanja wa gofu hayakai mahali pamoja, maana watu wakikanyaga pale pale kila siku majani hufa. Kila alfajiri lazima yahamishwe, na anayeamua yahamie wapi ni mama huyu wa miaka arobaini na saba, mfupi, mcheshi, mwenye magoti yanayolia kama bawaba kavu.

Ana mashimo tisa kila asubuhi, siku sita kwa wiki, miaka kumi na sita sasa. Ukipiga hesabu ni zaidi ya mashimo elfu arobaini. Na ndiyo maana hata msimamizi wake hamwiti kwa jina lake la kuzaliwa.

Leo, hata hivyo, Mama Shimo ameamka na lake jambo. Shimo hili la saba ameliweka kwenye kona ya kushoto, nyuma ya handaki la mchanga, hatua nne tu kutoka kwenye bwawa. Wafanyakazi huiita kona hiyo Pembe ya Machozi, na kwa kawaida huitumia mara mbili tu kwa mwaka.

Kisa ni mgeni mmoja. Jana jioni, Mama Shimo akisawazisha mchanga kwa reki, alimsikia mwanamume mwenye kofia nyeupe akiwaambia wenzake kwamba amecheza viwanja vya kutisha duniani na kwamba shimo hili limesifiwa bure. “Bibi yangu angelicheza kwa ufagio,” alisema.

“Niliendelea kuvuta reki yangu,” Mama Shimo anasimulia huku akifuta udongo kwenye chuma. “Lakini nilimwambia moyoni, baba, lala salama, kesho tutaonana.”

Wacheza gofu wa kawaida, wale wenye kazi zao ofisini na fimbo zao kwenye buti la gari, husafiri mbali kuja kulicheza shimo hili. Wamelipa jina la Mamamkwe, kwa sababu, wanasema, hata ufanye nini halijawahi kuridhika. Mbele kuna bwawa, pembeni kuna mchanga, na majani yake yanateremka kutoka nyuma kulia kuja mbele kushoto, moja kwa moja kwenye maji. Mwandishi wa makala haya alijaribu. Mpira wake uko majini mpaka leo, na wa pili ulikwenda kuutafuta.

Jina hilo limeleta maneno nyumbani. Mama Shimo anaishi na mama mkwe wake halisi, bibi wa miaka sabini na nane mwenye ulimi mkali na masikio makali zaidi. “Mimi nimemmezea nani mpira?” bibi huyo aliuliza tulipomtembelea. “Hawajui kupiga, wanasingizia wakwe.”

Alipoajiriwa, Mama Shimo hakujua gofu ni nini. Kwa miaka mitatu ya mwanzo aling'oa magugu kwa mikono, siku nzima kwa magoti, na hapo ndipo magoti yalipoanza kulia. Jioni mumewe, fundi baiskeli, alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji moto na kumuuliza kama hao watu wazima wanaokimbiza kipira wana akili timamu. Kwa kazi hiyo hiyo, hata hivyo, wawili hao wameezeka nyumba na kusomesha mabinti wawili.

Fimbo ya kwanza aliipata kwa hasira ya mtu mwingine. Daktari mmoja wa meno alizamisha mipira saba Mamamkwe, akaapa mbele ya Mungu na watu kwamba ameacha gofu, na akamkabidhi fimbo aliyoishika. Wiki iliyofuata daktari akarudi kucheza. “Alikuwa akiiangalia fimbo yake mkononi mwangu, anameza mate,” Mama Shimo anasema na kucheka mpaka anashika mbavu. “Kuomba arudishiwe akaona haya. Na mimi nikajitia sijui.”

Jumatatu uwanja hufungwa, na alasiri wafanyakazi huruhusiwa kucheza. Hapo ndipo alipojifunza, kwa fimbo ya daktari na nyingine tatu za kuokoteza.

Lakini kabla hajajifunza kupiga, alianza kuuliza. Kila mgeni anayemaliza Mamamkwe akiwa amenuna, Mama Shimo humpa pole, kisha humuuliza swali moja tu: “Ni uwanja gani uliokutesa kuliko yote?” Hakuna mcheza gofu asiyejibu swali hilo. Wengine husahau hata magari yanawasubiri.

Majibu yao yamo kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila ukurasa una shimo moja, limechorwa kwa penseli na kuandikwa shida yake: upepo unaogeuka ghafla, mchanga unaomzidi mtu kimo, kisiwa kidogo katikati ya ziwa. Michoro sitini na miwili, na hata uwanja mmoja kati ya hiyo hajauona kwa macho yake. Daftari limebaki kurasa mbili tupu.

Uwanja mmoja ameuchora mara tatu kwa sababu kila aliyeusimulia alisimulia tofauti. Ni uwanja wa milimani ambako unapiga kutoka juu ya mwamba mmoja hadi mwamba wa pili, na katikati ni korongo. “Wanasema mpira ukianguka humo huutafuti, unauaga,” anasema. “Mimi nautaka huo. Hata nikiuaga, nikauage mwenyewe.”

Na njia ya kufika ipo. Kila mwaka klabu hupeleka timu kwenye uwanja huo, Korongoni, na mfanyakazi anayeshinda mashindano ya ndani husafiri nayo. Haendi kubeba mikoba ya watu, anakwenda kucheza. Mwaka juzi Mama Shimo alishindwa kwa pigo moja. Mwaka jana pia, pigo moja. Mara zote mbili alizama Mamamkwe.

Mashindano ya mwaka huu ni lini? Leo. Jumamosi hii hii, saa nane mchana, mara wageni wakimaliza.

Msimamizi ndiye anayemkumbusha, saa nne asubuhi, wakati wageni wa asubuhi wanarudi kutoka shimo la saba na nyuso za msibani. “Mama Shimo,” anamwita taratibu, “umeweka bendera Pembe ya Machozi, na mchana unacheza wewe?”

Mama Shimo anashika kichwa kwa mikono miwili. “Yalaa!”

“Nilijua kabisa,” anaeleza baadaye. “Wiki nzima silali kwa ajili ya mashindano. Hasira tu zilinisahaulisha.” Na kanuni ya uwanja haina huruma: shimo likishakatwa alfajiri haliguswi mpaka alfajiri nyingine, awe anacheza mgeni au mfagizi.

Habari zinafika nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mama mkwe, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, anavaa viatu vyake vya safari na kuja kuona. “Mchimba kisima huingia mwenyewe,” anamwambia mke wa mwanawe pale getini. “Lakini wewe, mwanangu, umekichimba. Si unajua ngazi iko wapi?”

Wafanyakazi huanzia shimo la nane ili la saba liwe la mwisho, karibu na banda la zana, watu wajae na kuzomeana vizuri. Wanapofika hapo, wawili wako sawa kabisa kwa mapigo: Mama Shimo na dereva wa trekta, jamaa mwembamba anayeitwa Moshi, bingwa wa miaka miwili iliyopita.

Moshi anapiga wa kwanza. Mpira wake unavuka bwawa na kutua katikati ya majani, mbali na bendera lakini salama. Makofi. “Karibu, mama,” anasema akiinamisha kichwa kwa adabu ya uongo. “Shimo si lako?”

Mama Shimo anashika fimbo ya daktari. Haitazami bendera hata kidogo. Anageukia nyuma kulia, upande ambao hauna kitu, na kupiga.

“Ameukosa!” mtu anapiga kelele. Mpira unatua juu kabisa, mbali na bendera kuliko wa Moshi. Unasimama. Kisha, polepole, unaanza kuteremka.

Unateremka na kuongeza mwendo. Unapita mpira wa Moshi, unapita ukingo wa handaki, unaelekea kwenye bendera, na nyuma ya bendera ni maji. Wapishi wa jikoni wametoka na vijiko mikononi. Mama Shimo amefumba macho, anasema kitu ambacho wote wanakisikia: “Kwa adabu, kwa adabu, kwa adabu.”

Kuzunguka kila shimo lazima pawepo na kipande kidogo cha ardhi tambarare, la sivyo mpira hauwezi kukaa. Kipande hicho leo ni kidogo mno, na anayejua mipaka yake ni aliyekipapasa kwa kiganja alfajiri. Mpira unakifikia, unachoka, na unatulia hatua moja kutoka kwenye bendera.

Moshi anahitaji mapigo mawili zaidi kumaliza, jumla matatu, na anayapiga bila kosa. Mama Shimo amebaki na hatua moja. Akikosa wanalingana tena, na shimo linarudiwa.

Anausukuma. Mpira unaingia kwenye kikombe na kulia ko!

“Nimekata mashimo elfu arobaini,” anasema, machozi yakimtiririka bila aibu, “na sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule.” Moshi ndiye wa kwanza kumnyanyua juu juu, na magoti yanalia, na yeye analia, na mama mkwe anapiga vigelegele mpaka bata wa bwawani wanaruka. “Mamamkwe karidhika leo!” bibi anatangaza kwa kila anayepita.

Watu wakiwa wanaanza kutawanyika, mwanamume mwenye kofia nyeupe anasogea. Asubuhi alizamisha mipira minne. Anataka kujua ni nani aliyekata shimo la saba.

“Ni mimi, baba. Pole sana,” anajibu Mama Shimo, kisha anatoa daftari mfukoni kama kawaida yake. “Ni uwanja gani uliokutesa kuliko yote?”

Mgeni anaelekeza kidole kwenye bwawa. “Huu,” anasema. Anaomba penseli, anakaa kwenye majani na kuchora mwenyewe: maji, mchanga, mteremko na kibendera pembeni. Pembeni ya mchoro, akiwa amemtambua mama wa reki wa jana, anaandika: samahani kwa habari ya ufagio. Ni mchoro wa sitini na tatu.

Jumanne alfajiri tunamkuta tena shimo la saba, magotini, akipapasa. Safari ni wiki tatu zijazo. Mumewe amemfungia fimbo zake nne kwa mpira wa tairi la baiskeli, na ukurasa wa mwisho wa daftari bado mweupe. Huo, anasema, atauchora akiwa juu ya mwamba, kwa macho yake mwenyewe.

Bendera leo anaichomeka katikati kabisa, mahali pa upole. Mwandishi anamuuliza, akifika Korongoni ataanza na nini, kuona mwamba au kufanya mazoezi?

“Wala,” anasema Mama Shimo akijinyanyua kwa kushikilia chuma chake. “Nitamtafuta kwanza anayekata mashimo kule. Nimwamkie vizuri, nimpe na zawadi. Halafu nimuulize: mwenzangu, leo umeamkaje?”