Nusu ya Picha ya Rinda

Nilikwenda kutafuta hati ya shamba, rafiki yangu, sikwenda kulia. Lakini mhifadhi wa nyaraka aliponiona nangoja, alinifungulia sanduku la karatasi kuukuu: kalenda za maduka, vibandiko vya sabuni, matangazo ya nguo yaliyokatwa magazetini. "Angalia tu, mama. Watu hupenda hizi," akasema. Juu kabisa ilikuwapo picha nzima ya msichana wa rinda la kola pana na soksi nyeupe, anacheka. Niliikodolea macho hadi mhifadhi akaniuliza kama naumwa.

Sisi watu wa Kedowa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulichagua nguo ukutani. Fundi wetu, mama aliyetoka milima ya magharibi na kupanga chumba karibu na nyanya yangu, alibandika matangazo kama hayo kwenye ukuta wa udongo kwa uji wa ngano. Kibanda chake kilinuka makaa ya pasi na mafuta ya cherehani. Ulionyesha picha, akakupima, kisha akaibandua na kuichana katikati: kichwa akakupa wewe, miguu akaibana kwa pini kwenye kitambaa chako. Ukija kuchukua nguo, vipande vikikutana, ni yako. Hakuandika jina la mtu hata siku moja. Mimi nilipewa kichwa cha msichana huyo, kwa rinda langu la Krismasi, na nikawa natembea nacho kila mahali.

Vita vya kuwafukuza watu wa makabila mengine vilikuja asubuhi, watu wakichuma chai. Tulisikia mbwa, halafu mayowe, halafu tukaona moshi. Fundi alikimbilia kwetu amekumbatia furushi. Hakubeba nguo zake, alibeba vitambaa vya wateja. Nyanya alimpandisha kwenye ghala la mahindi, akamfunika kwa magunia. Wakati huo huo jirani yetu, mama aliyetuletea maziwa, aliingia na kibuyu, akaona, akageuka na kurudi kwake.

Vijana walifika na mapanga na mishale. Niliwajua. Mmoja alivaa suruali aliyoshonewa na fundi huyo huyo, na naichukia suruali ile hadi leo. Nyanya aliwazuia mlangoni, akawaambia wamuue yeye kwanza. Wakamsukuma akaanguka kifudifudi. Yule wa suruali akaona picha mkononi mwangu, akachuchumaa, akatabasamu.

"Kumbe uko na nguo kwa fundi? Pole. Ameshatoroka nayo."

"Hajatoroka," nikasema kwa sauti ndogo. "Ako nayo."

Na nikatazama ghala. Rafiki yangu, nilikuwa nawaza rinda tu.

Walimburuta kwa nywele. Wakauweka mkono wake wa kulia, ule wa mkasi, juu ya kigogo cha kupasulia kuni, na panga likashuka mara mbili. Kilio chake siwezi kukiandika. Nyanya alitambaa akajilaza juu yake, na nadhani hilo ndilo lililomwacha hai, maana hawakuthubutu kumkata mama wa kwao. Kibanda walikichoma na ukuta wake wote wa picha. Alasiri lori la kanisa lilimchukua, mkono umefungwa kwa kitambaa cha rinda langu. Hatukumwona tena.

Leo pale kilipokuwa kibanda pana duka la mitumba, na vijana hawajui kwamba nguo iliwahi kuchaguliwa ukutani. Natamani ile harufu ya pasi, nakwambia ukweli. Natamani pia ujirani wetu, kwa sababu nyanya aliamua kwamba mama wa maziwa ndiye aliyewaambia vijana fundi alipofichwa. Hakumsalimu tena, na akimkuta njiani alitema mate. Mama yule alijitetea mara moja tu, langoni kwetu: "Mimi sikusema, mama. Mungu anajua." Nilikuwa nyuma ya nyanya, nimeshika sketi yake. Nilinyamaza.

Nikakua, nikasoma, nikaolewa, na bado nikanyamaza. Nyanya alikufa na chuki yake. Siku ya mazishi mama wa maziwa alikuja, mzee sasa, na fimbo. Wajomba walisema marehemu alikataza asikanyage kwake. Wakanituma mimi nikafunge lango.

Nikalifunga.