Maneno Matano ya Bibi Veneranda

Bibi Veneranda wa Ulyankulu alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, msichana mwenye sufuria kichwani. Nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe hakutaka kuiacha. "Nimehama mara moja," aliniambia, "inatosha."

Mimi ni mtu wa kutembeatembea, na kwake ndiko nilikopumzisha miguu.

Mwanawe Emilian, fundi seremala wa Kanyenye, alimkuta mara mbili ametia chumvi kwenye chai, akampeleka hospitali mjini wampime akili. Akishindwa, nyumba ifungwe, ahamie kwa mwanawe.

Binti mpimaji akamwambia, "Bibi, nakupa maneno matano. Yashike, nitakuuliza baadaye. Mundu, njiwa, daraja, pazia, kijani." Akamchorisha saa, akamhesabisha kurudi nyuma. Kisha akaitwa wodini, hakurudi. Wakaambiwa waje baada ya miezi mitatu.

Basi, kwa kuwa hakuulizwa, Bibi akayashika.

Nilimsikia akipepeta maharage: mundu, njiwa. Akisali rozari, pazia linapenya katikati ya Salamu Maria. "Yananiita, Leodgar," alisema. "Nikiyanyamazia, yanabisha hodi."

Siku moja akanitazama sana. "Hivi mume wangu aliitwa nani vile?"

"Dionis."

"Ehee, Dionis," akasema upesi, kama anayefukuza kuku. "Usinichanganye, mzururaji wewe. Niulize yale."

Nikauliza. Yote matano, kwa mpangilio.

Siku ya kurudi nilifuatana nao. Safari hii mpimaji alikuwa kijana mwingine.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Uliza haraka, nimechoka kuyabeba."

Kijana akacheka. "Kwanza nikupe." Akamsomea matano mapya. Baadaye akamuuliza.

"Mundu," akasema Bibi, mgongo ameunyoosha. "Njiwa. Daraja. Pazia. Kijani."

Kijana akaandika sifuri.

Nikamweleza yaliyotokea. "Mzee wangu," akasema kwa upole, "karatasi ile siijui. Mimi napima ya leo." Emilian alikuwa anatazama sakafu. Bibi alikuwa anatabasamu, alijua amefaulu.

Mwezi uliopita nilipita Ulyankulu. Kufuli mlangoni, majani yamefika dirishani. Yale maneno mapya, nami nilikuwepo pale kwenye benchi, sikumbuki hata moja. Haya ya kwake hayanitoki.

Nikabisha hodi, mazoea tu. Nikangoja. Kisha nikajikuta nayasema pale mlangoni, yote matano, asije muulizaji akakosa wa kumjibu.