Nyayo Kwenye Changarawe

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kila nikikuona umesimama mlangoni, viatu mguuni, unamharakisha bibi yako.

Nilikuwa kijana, tukiishi Bredäng, mtaa wa pembeni mwa Stockholm, mimi na bibi yako huyo huyo. Ni shangazi yangu, aliyenilea kwenye kambi ya wakimbizi baada ya mama kufariki na baba kupotea kule Burundi. Nilimuuliza mara nyingi baba alipoteaje. Alinyamaza tu, nami nikaanza kumchukia kwa sababu ya kimya kile.

Jumamosi hiyo watu wa kanisani walitupeleka kuona bustani ya Kijapani humu Stockholm, iliyoigwa kutoka ile ya hekalu la kale la Wabuddha wa Zen: mawe machache, na changarawe nyeupe iliyochorwa mistari kwa reki. Hairuhusiwi kukanyagwa. Shangazi akasimama ukingoni akiitazama, hasogei. Wenzetu walikuwa wanapanda basi, namwita haitiki. Damu ya ujana huchemka upesi. Nikamwacha hapo, nikakata katikati ya changarawe kulifuata basi.

Mtunza bustani akaja na reki yake, akinifokea kwa Kiswidi. Niliogopa ataita polisi. Nilipogeuka, shangazi alikuwa amechuchumaa juu ya nyayo zangu.

"Mguu wa kulia unatazama nje," akasema. "Kama wa baba yako."

Akaniambia kwamba kwetu alifagia ua kila jioni, ili asubuhi ajue nani amekuja usiku.

"Usiku ule baba yako alipopotea, nililala na wewe kwa jirani. Asubuhi nikakuta nyayo za mabuti zimeingia. Za baba yako, peku, zilitoka nazo mpaka barabarani. Hazikurudi. Sikufagia tena, mpaka mvua ilipozifuta."

Mtunza bustani alitaka kuzisawazisha zangu. Nikamwomba asubiri kidogo, naye akasubiri, ingawa hakujua sababu. Basi likaondoka bila sisi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami siku ile niliusikia. Kwa hiyo, mwanangu, mzee akisimama, simama naye. Usimwone mzito, hujui anatazama nini. Vua viatu hivyo, keti, mwache bibi afunge kitambaa chake taratibu.

Nenda naye salama. Mungu akujalie miguu inayotoka ikarudi.