Baridi Niliyomwahidi Kaka Seif

Safari yangu ya London ilikuwa na sababu mbili, moja ya ofisi na moja ya mama. Ofisi yetu ya hali ya hewa hapa Ibri, ukingoni mwa jangwa la Oman, kila mwaka hutoa mwelekeo wa majira ya baridi kabla hayajaanza, ili wafugaji wa ngamia, wenye mitende na wanaokwenda kupiga mahema jangwani wajue wajiandae vipi. Mwaka ule watabiri wa nchi za majangwa tuliitwa London tukae pamoja siku tatu tuutengeneze mwelekeo huo, na bosi wangu akanichagua mimi. Mama aliposikia neno London hakuuliza habari za hewa hata kidogo. Alisema, "Zuwena, ukirudi, rudi na mwanangu."

Mwanawe huyo ni Kaka Seif. Baada ya Mapinduzi jamaa zetu wa Unguja tulitawanyika. Kaka, kijana wakati ule, alichukuliwa na mjomba London, na mimi niliyekuwa mchanga nikaja Oman na mama. Alikuwa akija kututembelea, mpaka mwaka mmoja nilipompigia simu nikamwambia aje Desemba, kutakuwa na baridi. Joto la huku lilikuwa likimshinda, akaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa mgeni kazini, cheti changu hata vumbi hakijashika, nikamjibu, "Nakuhakikishia." Kaka akaja na suti ya sufu, na Desemba ile ikawa ya jua kali. Akazimia kwenye karamu ya harusi ya binamu yetu, mbele ya umati mzima. Watoto wakambandika jina la Bwana Barafu, nami nikasema kosa ni la suti. Tangu siku hiyo hakutia mguu Oman kwa miaka kumi na tatu, na mama, ambaye daktari amemkataza ndege, akabaki kumsikia kwenye simu tu.

Alfajiri ya Jumamosi niliondoka Ibri. Njia ya Maskati ni saa tatu na ushei, na mwezi wa Novemba saa hizo jangwa linapendeza: mchanga umepoa, ngamia wamejikunyata kando ya barabara, na dereva amefungua madirisha yote. Nilitoa mkono nje nikauonja upepo, maana hilo ndilo zoea letu watu wa kazi hii hata tukiwa na vipimo vya kila namna. Nilikuwa na masanduku mawili. Moja lilikuwa na nguo zangu na makaratasi ya ofisi, la pili lilikuwa na tende za mama tupu.

Saa kumi na moja jioni nilitoka nje ya uwanja wa ndege wa London, na mvua ikanipokea. Abiria wenzangu walikunja nyuso, wakanyanyua makoti vichwani, wakakimbia. Mimi nilisimama. Ibri mvua ikinyesha walimu huwaachia watoto watoke darasani wakarowane, na mtu mzima akionekana uani ameinua uso juu hakuna anayemshangaa. Kaka Seif alinikuta hapo, nimelowa, nacheka peke yangu.

"Umeanza," alisema, akanikumbatia.

Treni ilitufikisha Abbey Wood, na kutoka hapo tukapanda basi kwenda Thamesmead. Kaka ameendesha mabasi London maisha yake yote, basi dereva alipomwona alimpungia mkono, na kaka akanitambulisha kwa sauti: "Dada yangu huyu, anapika hali ya hewa." Nyumba yao iko karibu na ziwa lenye mabata bukini. Mlango ulipofunguliwa, wifi yangu Rukia alinivuta ndani, na joto likanipiga usoni. Kila chumba kilikuwa na bomba la kupashia moto. Kaka alivua koti, akavua sweta, akabaki na fulana na kikoi.

Kipimajoto changu hakikosi mkobani. Nikakitoa nikakiweka juu ya meza. "Digrii ishirini na saba," nikasema. "Kaka, hili si ndilo joto ulilolikimbia?"

"Hili nikitaka nalizima," alijibu. "La kwenu swichi yake iko wapi?"

Wifi aliweka mkate wa kumimina mezani akasema tule kabla hatujaanza kugombana.

Kwa siku tatu nilikwenda mjini asubuhi na kurudi jioni. Tulikaa ukumbini watu wa majangwa mbalimbali, kila mmoja akitetea lake, tukilinganisha joto la bahari, pepo za juu na miaka iliyopita. Nilifurahi kama mtoto aliyefunguliwa duka la peremende. Ramani ilijaa ukuta mzima: penye dalili za baridi tulitia rangi ya buluu, penye dalili za joto nyekundu, na dalili zikiwa na nguvu rangi ilikoza. Siku ya tatu ikafika zamu ya jangwa letu. Likatiwa buluu hafifu, mfano wa maziwa yaliyotiwa maji. Nilimwuliza mwenyekiti, Mwingereza mmoja mpole, kama haiwezi kukoza kidogo. "Una ushahidi zaidi?" aliniuliza. Sikuwa nao. Nilikuwa na mama.

Novemba magharibi ya London huingia mapema, saa kumi tu. Siku hiyo ya tatu, nimerudi nyumbani, tulipokwisha kuswali, kaka alikaa kitini akasema, "Haya mtabiri, nipe habari."

Nikafungua tende, nikapanga kumi kwenye sahani, sita upande wa huku na nne upande wa kule. "Hizi sita ni Desemba ya baridi," nikamwambia. "Hizi nne ni Desemba ya joto, kama ile unayoijua. Mungu ataichukua moja, na sijui ataichukua ipi."

Kaka alinyoosha mkono, akachukua moja ya upande wa joto, akaila. "Zimebaki tatu," alisema.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Kaka hakucheka. "Nihakikishie, Zuwena, kesho nikate tiketi."

Ulimi uliniwasha. Neno moja tu lilitosha, na mama angempata mwanawe.

"Siwezi, kaka."

"Mbona mwaka ule uliweza?"

"Mwaka ule pia sikujua. Nilisema najua kwa kuwa nilitaka uje, tena nilitaka unione mtaalamu. Halafu nikaisingizia suti yako. Nisamehe." Niliona haya, machozi yakanilenga.

Kaka alitafuna tende nyingine polepole, ya baridi safari hii. "Kuzimia si kitu," alisema. "Mtu huzimia akazinduka. Kilichonichoma ni kwamba joto likawa kosa langu, suti kosa langu, na wewe na cheti chako hamna kosa. Miaka kumi na tatu nimengoja uniambie hivi." Akageuka. "Rukia, nitafutie paspoti."

"Ipo juu ya friji tangu juzi," alisema wifi. "Nilijua mtafika huku, ila mnapenda kuzunguka."

Alhamisi tuliruka pamoja, kaka akiwa na kanzu nyepesi ndani ya koti. Ndani ya ndege alilala, mimi nikawaza. Nilikwenda London nikidhani mtabiri huheshimiwa kwa kujua. Kumbe watu huvumilia usichokijua, ili mradi usiwauzie kwa jina la hakika. Siku hizi mfugaji akinipigia simu namwambia ninalolijua na nisilolijua, na simu zake hazijapungua.

Adhuhuri ya siku ya pili tulifika Ibri. Ilikuwa imebaki siku mbili Desemba iingie, na joto lilikuwa la kutosha kukaanga yai juu ya boneti. Kaka alishuka garini jasho likimtiririka, kanzu imemganda mgongoni. Mama alikuwa amesimama kizingitini na mkongojo wake, na kabla hajafikiwa alikwisha anza kumsomea mwanawe orodha ya makosa yote ya miaka kumi na tatu, huku akilia na kucheka. Nilisogea kumwomba kaka radhi kwa lile joto.

"Nyamaza," aliniambia. "Mama anazungumza."